Ukidhulumiwa na Mtumishi wa Kanisa Hapa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pole kwa yaliyokukuta. Majibu haya ni ya mtu aliyedhulumiwa na padri, mchungaji, katekista, mzee wa kanisa, kiongozi wa vijana au yeyote aliyepewa mamlaka kwa jina la Mungu. Ni ya mzazi na rafiki pia. Ukiwa na haraka, nenda kwenye swali linalokuhusu. Ukisoma yote utaona jambo moja tunalirudia bila kuchoka: kanisa lisiwe mlango wa kwanza unaoubisha. Tunasema hivyo ingawa wengi wetu ni waumini, na Jumapili utatukuta ibadani.

Imetokea jana usiku. Nifanye nini kwanza?

Nenda hospitali. Kabla ya polisi, kabla ya mchungaji mkuu, kabla ya kikao cha familia.

Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi tunaiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kingono. Ukiwa ng'ambo ya Likoni na foleni ya feri imefika mbali, anzia hospitali ya Likoni. Ukiwa Changamwe au Mikindani, anzia hospitali ya Port Reitz. Matibabu ya aina hii katika hospitali za umma ni ya bure, na hakuna anayepaswa kukufukuza kwa sababu hujapita polisi. Mtu akikwambia "leta OB kwanza", yaani namba ya kitabu cha matukio cha polisi, omba kuonana na msimamizi wa zamu.

Haraka hii ina sababu. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zile zinazoitwa PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndivyo bora. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya hizo hizo saa 72, ingawa yaweza kutolewa hadi saa 120. Daktari atakupima, atakupa dawa za magonjwa ya zinaa, na atajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, PRC. Fomu hiyo ni ushahidi, kwa hiyo hakikisha umepewa nakala.

Ukiweza, usioge kabla ya kupimwa. Tunajua ni jambo gumu kumwambia mtu anayejihisi mchafu mwili mzima, tena kwa joto la Mombasa. Nguo ulizokuwa umevaa usizifue. Ziache zikauke, kisha zitie kwenye mfuko wa karatasi au bahasha kubwa ya kaki, kila nguo na yake. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu hubaki ndani na ushahidi huoza. Kama umeshaoga na kufua, bado nenda. Usijihukumu kwa hilo.

Mimi ni mtu mzima na sikupiga kelele. Je, hiyo ni dhuluma kweli?

Huenda ndiyo. Mtu anayekuombea, anayejua siri zako za toba, aliyekulipia karo au aliyekwambia Mungu amemwonyesha wewe ni wake, hazungumzi nawe kama jirani wa kawaida. Anazungumza kutoka juu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inalijua hilo. Kifungu cha 24 kinamlenga mtu aliyeaminiwa kisha akaitumia nafasi hiyo kumshawishi aliye chini ya uangalizi wake, na adhabu haipungui miaka 10 jela. Kukubali kwa hofu si kukubali. Na mwili ukiganda, ukashindwa hata kusema "hapana", hiyo ni hofu ya kawaida ya binadamu, si ridhaa.

Kama kesi yako inaingia kwenye kifungu hicho au kingine, mwachie mwanasheria aamue. Wewe eleza yaliyotokea.

Kwa nini mnasema nisianzie kanisani?

Kwa sababu, hata usipotaka iwe hivyo, kanisa limo ndani ya kesi pamoja naye. Jina lake limo hatarini, sadaka zimo hatarini, na anayehofia chake hakusikilizi kwa utulivu.

Mambo huenda hivi, na tumeyasikia kutoka madhehebu yasiyofanana hata kidogo. Unaitwa baada ya ibada ya pili, kwenye ofisi iliyo nyuma ya madhabahu. Wameketi wazee wanne au watano, na mama mmoja wa kikundi cha akina mama ili isionekane ni wanaume watupu. Unafunguliwa soda. Inaombwa sala ndefu, na ndani ya sala hiyo inakemewa "roho ya mafarakano", nawe unajua anayekemewa ni nani. Unaulizwa ulivaa nini, ulimfuata nyumbani saa mbili usiku kutafuta nini, una mchumba au huna. Yeye anaulizwa swali moja tu: je, yuko tayari kuomba msamaha? Yuko tayari. Kabla hujainuka, karatasi inasukumwa mbele yako utie sahihi kwamba mmesameheana na jambo limekwisha.

Usitie sahihi. Karatasi hiyo itakuja kusomwa mahakamani na wakili wake.

Hasara nyingine ni muda. Wazee wakishaketi vikao viwili, saa 72 zimepita, nguo zimefuliwa, jumbe za simu zimefutwa, na mwenyewe amesafiri bara "kwa mapumziko". Hatusemi kila kiongozi wa dini ana nia mbaya. Wapo wanaoamka usiku wakampeleka muumini hospitali na kungoja naye hadi asubuhi, na ukimpata wa namna hiyo mshike mkono. Lakini kazi yake iwe kukusindikiza. Upelelezi si kazi yake, wala yeye si hakimu.

Ikiwa lazima uende kwenye kikao chao, nenda na mtu asiye wa kanisa hilo. Usiwape simu yako "waangalie kidogo". Andika nani walikuwapo na nini kilisemwa, siku hiyo hiyo, kabla ya kulala.

Polisi kuko vipi?

Ulizia dawati la jinsia. Vituo vikubwa vinalo, na una haki ya kuomba kuhudumiwa na afisa wa kike au wa kiume, yule utakayekuwa huru naye. Malalamiko yako yakishaandikwa kwenye kitabu cha matukio, usiondoke bila namba ya OB. Iandike mahali pawili. Jina la afisa liandike pia.

Utapewa fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, ambayo sehemu yake hujazwa na daktari. Fomu yenyewe ni ya bure. Taarifa yako itaandikwa kisha usomewe, na hapo ndipo watu wengi hukosea kwa uchovu: wanatia sahihi bila kusikiliza. Ukisikia jambo ambalo hukulisema, lirekebishwe kwanza. Kama hukumbuki tarehe, sema "ilikuwa wiki ya mkesha wa vijana" au "kabla shule hazijafunguliwa". Usibuni tarehe ili kumridhisha afisa.

Ukiambiwa utoe pesa ya mafuta ya gari, au umtafute mtuhumiwa mwenyewe umlete, hiyo si kazi yako. Nenda kwa mkuu wa kituo. Akikupuuza naye, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ina ofisi hapa Mombasa.

Hakuna aliyeona. Ni neno langu dhidi ya neno la mtumishi wa Mungu.

Makosa haya mara nyingi hayana shahidi, na mahakama zinalifahamu hilo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 124, inamruhusu hakimu katika kesi ya kosa la kingono kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyedhulumiwa peke yake, akiamini kwamba anasema kweli na akaandika sababu zake. Historia yako ya mapenzi haiwezi kuletwa mahakamani hivi hivi tu. Lazima hakimu atoe ruhusa kwanza. Unaweza kuomba kutoa ushahidi nyuma ya kizuizi usimtazame usoni, au kupitia mtu wa kati anayezungumza kwa niaba yako, au kesi isikilizwe bila umma kuwapo.

Na huenda unacho usichokijua. Jumbe za WhatsApp za saa nane usiku, rekodi za M-Pesa za "nauli ya kuja", rafiki uliyemweleza siku ile ukilia. Usifute kitu, hata vile vinavyokuaibisha. Vile vinavyokuaibisha ndivyo hasa visifutwe, kwa sababu upande wa pili ukiwa navyo na wewe umevifuta, wewe ndiye utakayeonekana unaficha.

Machi 2022, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua katika Mahakama ya Shanzu mahakama maalumu ya kwanza nchini ya kesi za dhuluma za kingono na kijinsia. Iko hapa hapa kwetu.

Ilitokea nikiwa mtoto. Sasa nina watoto wangu.

Kesi ya jinai kwa makosa mazito kama kubaka na kunajisi haina muda wa kufa. Mshtakiwa anaweza kuzeeka na bado akaitwa. Kesi ya madai, yaani ya kudai fidia, ni tofauti: muda wake ni mfupi na huhesabiwa kwa miaka michache, kwa hiyo ukiifikiria muone wakili mapema. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, na shirika la Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa.

Ushahidi wa hospitali hautakuwapo, lakini kumbukumbu zinaweza kutafutwa: daftari za kipaimara, picha za kambi, orodha ya kwaya, barua, na wenzako wa darasa la katekisimu. Mara nyingi hukuwa peke yako. Tunakuomba tu usiwatafute wenzako wote kwa pamoja kwenye kundi moja la simu, kwa sababu baadaye itasemwa mlipanga maneno.

Mimi ni mwanamume. Nitachekwa.

Huenda wapo watakaocheka, na wanakosea. Sheria haimlindi mwanamke peke yake. Mvulana aliyeingiliwa na kiongozi wake amenajisiwa sawasawa na msichana, na mwanamume mzima anaweza kubakwa. Wengi mnanyamaza kwa kuogopa kuitwa mashoga, au kuogopa kwamba ninyi ndio mtakaoshtakiwa. Aliyelazimishwa hajatenda kosa lolote. Na kama mwili wako uliitikia wakati ule, hilo ni jambo la mishipa tu. Halithibitishi kwamba ulitaka. Dawa za saa 72 unazihitaji sawa na mwanamke, kwa hiyo usikae nyumbani.

Mtoto wangu amenieleza jambo kuhusu mwalimu wa Sunday school.

Mwamini. Mwambie umefurahi amekueleza na kwamba hana kosa. Usimhoji usiku kucha, wala usimrudishe aseme mbele ya mwalimu huyo "ili tuone nani mwongo". Swali moja au mawili ya wazi yanatosha. Mengine waachie waliofunzwa. Hospitali ni ile ile, saa 72 ni zile zile. Namba 116 ni ya watoto, haina malipo na hupokelewa mchana na usiku. Afisa wa watoto wa eneo lako naye anapaswa kujua.

Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo adhabu yake ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Tunazitaja kwa sababu mzazi hujiwa na ujumbe wenye bahasha: shilingi kadhaa, karo ya muhula, "tusimharibie mtumishi maisha". Kesi ya aina hii si mali yenu ya kuuza. Chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia, uamuzi wa kuisimamisha uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si kwa mzazi, si kwa chifu, si kwa askofu.

Kanisa Katoliki lina utaratibu wake. Niutumie?

Utumie, baada ya hospitali na polisi, au pamoja nao. Mei 2019 Papa Fransisko alitoa sheria inayoitwa Vos estis lux mundi, na mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu. Inawahusu mapadri, mashemasi, watawa na maaskofu. Kila jimbo linatakiwa kuwa na njia iliyo wazi ya kupokea malalamiko, na padri au mtawa anayejua lazima aripoti. Jambo la kulishika zaidi ni hili: aliyeripoti hawezi kuwekewa sharti la kunyamaza. Padri akikwambia umefungwa na siri ya kanisa, anakosea. Hata siri ya kipapa, yaani usiri mkali wa Vatikani, iliondolewa kwenye kesi hizi Desemba 2019. Peleka barua yako kwa jimbo, baki na nakala yenye mhuri au sahihi ya aliyeipokea. Mombasa ni jimbo kuu, na Malindi na Garissa ziko chini yake, kwa hiyo malalamiko dhidi ya askofu wa huko hufikishwa kwa askofu mkuu na kwa Vatikani.

Na kanisa la mtu binafsi, ambalo mchungaji ndiye mwanzilishi?

Hapo hakuna wa juu wa kumpelekea. Kamati ni mkewe, shemeji yake na vijana aliowalea. Usipoteze wiki hata moja ukitafuta baraza la kumwadhibu. Nenda polisi.

Amehamishiwa kanisa lingine. Yamekwisha?

Hayajaisha, amepewa waumini wapya tu. Mwingereza John Smyth aliwapiga vijana vibaya mno katika kundi la kambi za Kikristo Uingereza. Viongozi walipojua wakanyamaza. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akafungua kambi nyingine, vijana wa Kiafrika wakaumia, kisha akaenda Afrika Kusini, na akafa mwaka 2018 bila kutiwa hatiani. Novemba 2024, ripoti juu ya kashfa hiyo ilipotoka, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alijiuzulu. Miaka yote hiyo kuna mtu aliyejua.

Waeleze polisi alikohamishwa. Kuhama kaunti hakumfutii mtu kosa.

Hakunigusa, lakini aliniharibia maisha. Je, naweza kupata msaada?

Ndiyo. Kukatazwa kumeza dawa za kisukari au za kudhibiti virusi vya Ukimwi, kulazimishwa kufunga chakula hadi kuzirai, kuuza shamba kwa unabii, kutenganishwa na ndugu zako: hizo ni dhuluma, na baadhi ni makosa ya jinai. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Kuanzia Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Wengi wao walianza kama wewe, kwa kuambiwa waache shule, waache hospitali, waache jamaa. Kama uko katikati ya jambo la namna hiyo, au umemwacha mtoto ndani, toa taarifa leo. Usingoje mpaka liwe kubwa.

Nikimshtaki, je, nitakuwa nimeinua mkono dhidi ya mpakwa mafuta?

Swali hili ndilo linalowakosesha watu usingizi kuliko yote, na halijibiwi na polisi wala daktari.

Soma 2 Samweli 13. Tamari, binti wa Daudi, alibakwa na Amnoni, ndugu yake. Akajitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti. Absalomu, kaka yake mwingine, akamwambia anyamaze. Mfalme Daudi akasikia, akakasirika sana, na hakufanya lolote. Biblia haikumficha Tamari wala haikumlaumu kwa kulia hadharani. Imeandika kilio chake kikabaki. Waliofanya dhambi humo ni mbakaji, na baba mwenye mamlaka aliyekaa na hasira yake mpaka nyumba ikaingia damu. Basi anayekwambia unyamaze kwa ajili ya amani ya nyumba anarudia neno la Absalomu, na wewe huna haja ya kulitii.

Msamaha ni wako, na hauna tarehe ya mwisho. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukatoa ushahidi. Unaweza pia usimsamehe leo. Ukitaka kuendelea kusali, sali popote: nyumbani, kanisa lingine, ufukweni Nyali alfajiri. Ukishindwa kabisa kuingia kanisani kwa sababu harufu ya uvumba au sauti ya kinanda inakurudisha kule, usijilazimishe, na usiruhusu mtu akwambie umerudi nyuma kiimani.

Sitaki kesi. Nataka tu mtu wa kuzungumza naye.

Hiyo ni haki yako. Namba 1195 ni ya bure, kwa dhuluma za kijinsia, na unaweza kupiga bila kutaja jina. Ushauri nasaha unapatikana kwenye kituo cha Makadara hata kama hutaki polisi, na Port Reitz kuna kliniki ya afya ya akili. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usikae nayo peke yako chumbani. Amka umwite mtu, au nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo.

Kuketi na waliopitia kama wewe husaidia kwa namna ambayo ushauri wa mtu mmoja haufikii. SNAP, mtandao wa watu waliodhulumiwa na mapadri ulioanzishwa Marekani na Barbara Blaine mwishoni mwa miaka ya 1980, ulianza na watu wachache wakisikilizana. Hapa kwetu, mwulize mnasihi wako kama analo kundi. Jambo moja la kuangalia: kundi lisiwe linaongozwa na kanisa unalolikimbia.

Nimwandike jina lake Facebook?

Tunaelewa hasira hiyo. Lakini kabla ya kesi, wakili wake atakushtaki kwa kumchafulia jina, na mashahidi wataanza kuogopa. Zungumza na wakili wako kwanza.

Rafiki yangu amenieleza. Nimjibu nini?

Usimwulize kwa nini hakukimbia. Mwulize kama amekula, kama ana pa kulala, kama mtu huyo ana ufunguo wa nyumba yake. Usimweleze mchungaji wako "tumwombee", maana habari itafika kwa mtuhumiwa kabla ya jioni. Akiamua kwenda hospitali, nenda naye, umbebee maji, leso, nguo za kubadilisha na chaja ya simu, kwa sababu mtangoja. Akiamua kutokwenda na yeye ni mtu mzima, usimburute. Mkumbushe tu saa za dawa, kisha mpigie tena kesho asubuhi.